Siku Mbili Unguja: Kula Vizuri, Rudi Mzima

Zamani mtu wa bara aliyevuka bahari kwenda Unguja alikuwa na jambo lililompeleka: biashara, msiba, au uhamisho wa kazi. Siku hizi wengi huvuka kwa kupumzika tu. Wafanyakazi wa ofisi moja, wanakwaya, marafiki waliosoma pamoja, au mke na mume waliotimiza miaka 25 ya ndoa huchanga fedha zao kidogo kidogo, hupanda boti Ijumaa pale Dar es Salaam, na baada ya muda wa kama saa mbili huteremka bandarini Malindi. Jumapili jioni wamekwisha kurudi. Ukiwauliza waliona nini, wengi huanza kukueleza walikula nini.

Hakuna ubaya katika hilo. Kula kwa furaha pamoja na wenzako ni sehemu ya mapumziko, na mapumziko ni sehemu ya afya. Lakini sisi wauguzi tunaijua Jumatatu. Huyu amekuja anaharisha tangu usiku, yule ana kisukari na sukari imepanda kupita kiasi, mwingine amevimba midomo baada ya kula kamba. Wote hao wangeweza kula vizuri na kurudi wazima, kama wangejua mambo machache. Kwa hiyo mwezi huu tuitembelee Unguja kwa njia ya sahani. Tutaona vyakula vyake, tutawasaidia pia wasiokula kitu chochote cha mnyama, na tutataja hatari ambazo hazifai kufanyiwa mzaha.

CHAKULA CHA KISIWANI KIMETOKA WAPI

Sahani moja ya Unguja ina habari za nchi nyingi. Mpunga na mnazi vilifika pwani yetu kutoka Asia kwa njia ya Bahari ya Hindi, kabla ya Wareno kuja. Muhogo, mahindi, nanasi, papai na pilipili vilitoka bara la Amerika, vikaletwa huku baada ya mwaka 1500. Wahindi walileta ujuzi wa bajia, kachori, sambusa na biriani. Waarabu wa Oman walileta halua na desturi ya kunywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo.

Mikarafuu nayo ilianza kupandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na chini ya Sultani Seyyid Said ikaenea mashamba mengi. Tunapoisifu harufu ya karafuu tukumbuke pia kwamba mashamba hayo yalilimwa na watumwa, wengi wao watu waliotekwa bara. Si vibaya mgeni akayafahamu hayo kabla hajaketi kula.

Jambo la kushangaza ni hili: chakula cha kila siku cha watu wa visiwani, ukiacha samaki, kwa sehemu kubwa ni mimea. Ni wali, muhogo, ndizi, viazi vitamu, shelisheli, mbaazi, maharage, kunde, choroko, kisamvu, mchicha, bamia na biringanya, na karibu vyote hupikwa kwa tui la nazi. Nyama nyingi ni ya sikukuu na ya wageni. Wataalamu wa lishe wa leo wanatuhimiza tule mboga na nafaka nyingi na nyama kidogo. Bibi wa Makunduchi amekula hivyo maisha yake yote bila kuhimizwa na mtu.

IJUMAA: SAFARI NA JIONI YA FORODHANI

Tuanze na boti. Wakati wa upepo wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, bahari huchafuka na wengi hutapika njiani. Usipande ukiwa na njaa, wala usipande umeshiba sana. Kula kitu chepesi saa moja au mbili kabla, kama mkate mkavu, ndizi au uji. Kaa sehemu ya katikati ya chombo, tazama mbali kwenye upeo wa bahari, usisome. Tangawizi kavu au chai yake ya rangi huwasaidia watu wengi. Wanaotumia vidonge vya kuzuia kichefuchefu wavimeze kabla ya chombo kuondoka, maana tumbo likishaanza kuchafuka dawa haikai. Mama mjamzito aulize kwanza kituo cha afya.

Jioni wageni karibu wote hukusanyika bustani ya Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe, kando ya bahari. Bustani hiyo ilitengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2009. Jua likizama, wapishi huwasha taa na mikaa. Utaona mishkaki, pweza, kamba, ngisi, muhogo wa kuchoma, viazi vya kukaanga, mikate ya ufuta, na juisi ya miwa inayokamuliwa kwa mashine pamoja na ndimu na tangawizi. Utaona pia chapati nyembamba iliyojazwa nyama na mayai ambayo wageni huiita piza ya Zanzibari.

Hapo ndipo kanuni yetu ya kwanza inapohitajika: KULA KILICHO MOTO, KILICHOPIKWA MBELE YAKO. Samaki aliyekwisha kuchomwa mchana na kupangwa mezani tangu saa kumi jioni si sawa na aliyetoka kwenye moto sasa hivi. Vijidudu vya kuharisha huzaliana upesi katika chakula cha uvuguvugu. Vikipewa saa mbili tatu katika joto la pwani, huwa vingi vya kutosha kukulaza. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Zunguka kwanza meza zote kabla ya kuchagua. Tazama mikono ya mpishi, kitambaa chake na maji yake ya kuoshea vyombo.

2. Chagua meza yenye wateja wengi, hasa wenyeji. Chakula cha hapo hakikai.

3. Mwombe mpishi akupikie upya na aive mpaka ndani. Kumpashia juu juu kile kilichopoa hakutoshi.

4. Nyama mbichi na iliyoiva zisishikwe kwa koleo moja. Ukiona hivyo, aga kwa adabu uende meza nyingine.

5. Kachumbari iliyokatwa mapema na barafu usiyojua maji yake, viache. Juisi ya miwa waombe wakukamulie bila barafu, katika gilasi iliyooshwa vizuri.

6. Osha mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni kabla ya kula. Mikono haitakati kwa kufutwa na karatasi.

Kanuni hizi si za kuwavunjia heshima wapishi wa Forodhani, ambao wengi wao ni watu safi na stadi. Zinakufaa pia sokoni kwenu na kwa mama ntilie wa jirani. Tusisahau kwamba katika mlipuko wa mwaka 2015 na 2016 kipindupindu kilishika bara na visiwa pia.

JUMAMOSI: SOKO, SHAMBA NA PWANI

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, nenda Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904. Huko utajifunza na lugha: nyanya huitwa tungule, na viazi ulaya ni mbatata. Matunda hufuata majira yake: maembe, machungwa, mabalungi, mafenesi, mastafeli, mananasi, na shokishoki zenye manyoya mekundu. Mabungo hukamuliwa juisi nzuri ya rangi ya machungwa. Tunda lenye ganda unalolimenya mwenyewe ndicho kitafunwa salama kuliko vyote kwa msafiri. Tunda lililokwisha kumenywa na kukatwa barabarani huwezi kujua lilioshwa kwa maji gani.

Katika mashamba ya viungo, kama yale ya Kizimbani na Kidichi, mgeni huonyeshwa mdalasini, iliki, pilipili manga, kungumanga, manjano, mchaichai na karafuu zikiwa bado mtini. Watembezaji wengine husema kila jani ni dawa ya ugonjwa fulani. Sikiliza, furahia, nunua viungo kwa mapishi yako, lakini usiache vidonge vya shinikizo la damu kwa sababu umeuziwa kifuko cha mdalasini. Viungo vina faida kubwa iliyo wazi: vinakipa chakula ladha hata kama chumvi ni kidogo. Kwa mgonjwa wa shinikizo la damu faida hiyo inatosha kabisa kumfanya ajaze kikapu.

Mchana wengi huteremka pwani ya mashariki, Paje, Bwejuu na Jambiani. Bahari ikitoka utawaona akina mama wakifanya kazi katika mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza visiwani mwaka 1989. Sehemu kubwa ya mwani huo husafirishwa nje, na ndani yake hutolewa kitu cha kuzitosha maziwa ya kopo, malai, hata dawa ya meno. Wengine huutengenezea sabuni. Jua la pwani wakati huo ni kali. Vaa kofia, kunywa maji mara kwa mara hata kama huna kiu, na kama mkojo wako ni wa njano iliyokolea ujue mwili una upungufu wa maji. Pombe haihesabiwi kuwa maji. Yenyewe hukausha mwili. Maji ya dafu ni mazuri, nalo dafu hupasuliwa mbele yako. Ila wagonjwa wa figo wasinywe bila kumwuliza daktari, kwa kuwa yana madini mengi ya potasiamu.

Kumbuka pia uko kwa watu ambao wengi wao ni Waislamu. Vaa kwa heshima mjini na vijijini. Ukienda mwezi wa Ramadhani, usile wala kunywa hadharani mchana, na hoteli nyingi za wenyeji huwa zimefungwa. Kwa mwenye vidonda vya tumbo au kisukari ni muhimu kupanga mapema wapi atakula. Kwa upande mwingine, jioni za Ramadhani zina futari ya muhogo, ndizi, viazi vitamu na shelisheli kwa tui la nazi, na ukikaribishwa nyumbani kwa mtu utakumbuka kwa muda mrefu.

WASIOKULA KITU CHA MNYAMA

Kuna watu wasiokula nyama wala samaki, lakini hunywa maziwa na kula mayai. Na kuna wengine ambao hawali kitu chochote kitokacho kwa mnyama: si nyama, si samaki, si mayai, si maziwa, si samli, na wengi wao hata asali hawali. Watu wa namna hii ya pili walianzisha chama chao Uingereza mwaka 1944, Donald Watson akiwa miongoni mwa waanzilishi. Siku hizi wamo hata kwetu, hasa vijana wa mijini. Wengine hufanya hivyo kwa kuwahurumia wanyama, wengine kwa afya, na wengine kwa muda tu, kama Wakristo wa Ethiopia ambao katika siku zao nyingi za kufunga hawagusi nyama, maziwa wala mayai.

Mtu kama huyo asiogope Unguja. Katika pwani ya mashariki baadhi ya hoteli za wageni zina orodha maalumu ya vyakula vyao, kwa bei ya wageni. Lakini kwa fedha kidogo anaweza kushiba mjini, mradi ajue kuuliza. Vinavyomfaa ni hivi:

- Mbaazi za nazi, maharage ya nazi, kisamvu cha nazi na mchicha wa nazi.

- Wali wa nazi, muhogo wa nazi, ndizi mbichi za nazi, shelisheli la kuchoma au kuchemsha.

- Vitumbua na mkate wa ufuta. Kwa kawaida hivi havina mayai wala maziwa.

- Bajia za dengu au kunde, na kachori za mbatata.

- Kashata za nazi au za njugu.

- Urojo, ule mchuzi wa njano mzito wenye ukali wa ndimu au embe bichi, ambao hutiwa bajia, kachori, vipande vya mbatata na vibanzi vya muhogo. Mwambie muuzaji mapema: "Usinitilie mishkaki wala yai."

Asipouliza atanasa katika haya: pilau hupikwa kwa supu ya nyama, chapati na halua huwa na samli, maandazi mengine hukandwa kwa maziwa au mayai, mkate wa kumimina mara nyingine hutiwa yai, na kisamvu mara nyingine hutiwa dagaa au kamba wakavu. Ukisema tu "sili nyama", mpishi atakuletea samaki, kwa sababu kwa watu wengi samaki si nyama. Sema wazi: "Sili nyama, sili samaki, sili mayai, sili maziwa wala samli." Mpishi atashangaa kidogo, kisha atakuletea mbaazi.

Kwa siku mbili mlo huo hauna neno kwa mtu mzima yeyote. Lakini anayeufuata miezi na miaka yapo mambo anayopaswa kuyajua.

Kwanza, VITAMINI B12. Mwili unaihitaji kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu. Mimea haitupi vitamini hii kwa kiasi cha kutegemewa, na mwani pia si wa kutegemewa. Mtu mzima huhitaji kiasi kidogo mno, mikrogramu 2.4 kwa siku, na ini huweka akiba ya miaka kadhaa. Kwa hiyo upungufu huja polepole, mtu akidhani mambo ni mema. Dalili zake ni uchovu, upungufu wa damu, ganzi na kuchomachoma miguuni na mikononi, kusahau, na kuyumba wakati wa kutembea. Madhara ya mishipa yakikaa muda mrefu huenda yasipone yote. Dawa yake ni rahisi: vidonge vya B12, au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo kiwandani. Anayeacha vyakula vyote vya wanyama asianze bila kupanga atakavyoipata.

Pili, MADINI YA CHUMA. Yamo katika maharage, mbaazi, dengu na mboga za majani, lakini mwili huyapata kwa shida kuliko yale ya nyama. Ndimu, chungwa au embe pamoja na mlo huusaidia mwili kuyapokea. Chai na kahawa pamoja na mlo huyazuia. Kunywa chai yako saa moja au zaidi baada ya kula. Ushauri huu unawafaa wasomaji wetu wote, hasa akina mama na wasichana.

Tatu, PROTINI, CHOKAA NA MADINI JOTO. Wali pamoja na maharage hukamilishana, na ndiyo hekima ya bibi zetu. Ufuta na mboga za majani huleta chokaa. Tumia chumvi yenye madini joto.

Nne, WATOTO NA WAJAWAZITO. Mama mjamzito au anayenyonyesha ambaye hali kitu cha mnyama ni lazima aeleze kliniki ili apewe B12 pamoja na vidonge vyake vya damu. Mtoto anayenyonya kwa mama asiye na B12 anaweza kudumaa na kuharibika ubongo, hata kama mama mwenyewe anajiona mzima. Katika nchi yetu, ambamo watoto wengi wanakosa yai na maziwa kwa sababu ya umaskini, tusimnyime mtoto vyakula hivyo kwa kufuata mtindo tu.

Neno moja juu ya nazi. Tui zito lina mafuta mengi ya aina inayoganda. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo au mafuta mengi katika damu, tui jepesi linatosha, na siku nyingine achemshe tu.

SAMAKI, NA KWA NINI KASA ASILIWE

Kwa wale wanaokula samaki, Unguja ni neema. Lakini samaki wana mambo yao.

Samaki mbichi mzuri ana macho maangavu yaliyotuna, matamvua mekundu, na nyama ikibonyezwa hurudi. Jodari, nguru na vibua wakikaa juani bila barafu hutengeneza sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Aliyekula husikia ulimi ukiwasha kama pilipili, uso unakuwa moto, kichwa kinauma na moyo unakwenda mbio, mara nyingi ndani ya saa moja.

Mwenye mwili unaokataa kamba, kaa au pweza asijijaribu "kidogo tu" kwa sababu yuko likizo. Akivimba midomo au akianza kupumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri boti. Na wale wanaume wanaokunywa supu ya pweza Forodhani kwa matumaini makubwa, wajue ni chakula kizuri chenye protini nyingi. Mengine yote yanayosemwa ni maneno ya wauzaji.

Bunju, yule samaki anayejivimbisha kama mpira, asiliwe kabisa. Sumu yake huanza na ganzi ya midomo na inaweza kusimamisha pumzi.

Hatari kubwa zaidi ni KASA. Mwezi wa Novemba 2021 watu 7 walifariki kisiwani Pemba baada ya kula nyama ya kasa, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 3. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki, na wengine 78 walilazwa hospitali. Familia hizo hazikuwa za wajinga. Watu wa pwani wamekula kasa vizazi vingi, na mara nyingi hakuna kilichotokea. Hapo ndipo mtego ulipo. Kasa mwenye sumu hatofautiani kwa sura, harufu wala ladha na asiye nayo, na sumu haifi kwa moto hata ukichemsha mchana kutwa. Ugonjwa huweza kuanza baada ya saa chache au siku kadhaa: kichefuchefu, kutapika, vidonda vya mdomo na koo, kushindwa kumeza, usingizi mzito, kisha kupoteza fahamu. Hakuna dawa ya kuivunja sumu hiyo. Hospitali humsaidia mgonjwa wakati mwili unapigana wenyewe. Watoto ndio hufa zaidi, na sumu inaweza kumfikia anayenyonya kwa njia ya maziwa ya mama.

Kwa hiyo, mtu yeyote akikukaribisha kwa siri "nyama ya pekee ya kisiwani", kataa. Na kama kuna waliokwisha kula, usione haya wala usiogope kwamba ni kosa kwa sheria: wapelekeni wote hospitali, hata wasio na dalili, watoto kwanza, na mseme wazi mlichokula.

WENYE KISUKARI NA SHINIKIZO LA DAMU

Ugonjwa hauendi likizo. Dawa ziwe katika mfuko wa mkononi, si ndani ya sanduku linalorushwa huku na huko, na ziwe za siku mbili zaidi ya safari, maana boti huweza kuahirishwa. Insulini isikae juani wala kugusana na barafu. Iweke ndani ya chombo cha udongo au kitambaa chenye unyevu, mahali pa kivuli.

Katika sahani, nusu iwe mboga, robo wali au muhogo, robo maharage au samaki. Juisi ya miwa, soda na halua ni sukari karibu tupu. Onja kijiko cha halua kwa kahawa, kisha sukuma sahani. Anayetumia insulini asichome sindano kisha akangojea chakula muda mrefu. Akitokwa jasho, akitetemeka au akianza kuchanganyikiwa, apewe mara moja maji yenye vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari iwapo anaweza kumeza, halafu ale. Wenzake wote safarini wajue jambo hili kabla ya kuondoka.

UKIHARISHA

Kuharisha hukausha mwili, na kukauka ndiko kunakoua. Beba pakiti za ORS. Ukizikosa, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa kwa kisu. Koroga, onja: yasizidi chumvi ya machozi. Kunywa kidogo kidogo kila unapoharisha. Mtoto aendelee kunyonya na kula. Usikimbilie dawa ya kufunga tumbo, na mtoto usimpe kabisa.

Nenda hospitali bila kuchelewa ukiona damu katika choo, homa kali, kutapika kusikokoma, macho kuzama, mkojo kukosekana, au choo cha majimaji kama maji ya mchele. Hali hii ya mwisho huweza kuwa kipindupindu, na mtu huweza kufa kwa saa chache.

JUMAPILI: UKIRUDI, RUDI NA PISHI

Zawadi nzuri kutoka Unguja ni pishi utakaloweza kulirudia nyumbani. Hili la MBAAZI ZA NAZI halina kitu cha mnyama, ni rahisi, na linatosha watu sita.

Loweka vikombe 2 vya mbaazi kavu usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya mpaka ziive laini. Kuna nazi moja, kamua tui zito uliweke kando, kisha kamua tui jepesi. Mimina tui jepesi katika mbaazi pamoja na kitunguu kilichokatwa, nusu kijiko cha chai cha manjano, pilipili mbichi isiyopasuliwa na chumvi kidogo. Likipungua, tia tui zito, koroga polepole upande mmoja lisikatike, uache lichemke kidogo tu. Kamulia ndimu baada ya kuepua. Watu wa pwani hula mbaazi hizi asubuhi kwa maandazi. Wewe unaweza kuzila mchana kwa wali na mchicha. Zikibaki zisilale nje: zipoe, zihifadhiwe mahali pa baridi, na kesho zichemshwe upya mpaka zitokote.

Ndugu msomaji, kama safari yako iko njiani, kata ukurasa huu uutie mfukoni pamoja na tiketi. Kabla hujapanda boti hakiki vitu vitano: dawa zako, pakiti za ORS, sabuni, chupa ya maji safi, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Vingine vyote utavikuta Unguja vikiwa moto jikoni. Safari njema.